Bibi wa Chamazi asiyesahaulisha mtoto ziwa

Jua halijapanda juu ya mabati ya Chamazi, na Adelina tayari ana mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, na wa tatu kamkamata pindo la kanga hataki kuachia. Anazunguka uani hivyo hivyo na abiria wake watatu. Anasuuza vikombe kwa maji yaliyochemshwa na kuvipanga juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Kila kikombe kina mfuniko, na kila kikombe kimefungwa kipande cha kanga.

Mlangoni anaingia mama kijana, mtoto begani, jasho linamtoka.

"Bibi, leo nimechelewa. Naomba nikuachie tu, nikimbie."

"Kimbia, nani kakushika? Ila mnyonyeshe kwanza."

"Bosi atanifokea."

"Akufokee. Kufokewa hakuharishi mtu. Kaa hapo."

Mama anakaa kwenye kigoda na kunyonyesha, macho yakiwa kwenye simu. Adelina anamwangalia mtoto, si mama. Mtoto akishaachia mwenyewe, ndipo anampokea.

Huyu anayeitwa Bibi ana miaka thelathini na sita. Hana mvi hata moja, na baadhi ya wanaomwita hivyo wamemzidi umri. Mume wake, Albano, anayechonga vinyago na kuuza vingi kwa oda, bado hajalizoea jina hilo.

"Mie nilioa msichana," anasema huku akipiga msasa twiga wa mbao wa kuchezea watoto. "Nikaamka siku moja naishi na bibi, tena bibi wa mtaa mzima."

Adelina anacheka hadi mtoto aliye mgongoni anatikisika. Jina lenyewe linampendeza, maana ndilo kazi yake.

Kazi hiyo ni kulea watoto wachanga wa kina mama wanaokwenda vibaruani: sokoni, viwandani, majumbani mwa watu. Kwa kila mtoto analipwa shilingi elfu mbili kwa siku, na asiye nayo analeta kuni au anafua. Wengi wa kina mama hao wametoka kusini, vijiji vya Masasi, Newala, Nanyumbu na Tunduru. Wamefika mjini na mtoto mgongoni, begi kichwani na namba ya simu ya mtu anayesema atawatafutia kazi.

Kuna kitu wanakiacha nyuma bila kukijua, anasema Adelina, nacho ni bibi.

"Kwetu mtoto hana mama mmoja. Unakwenda shamba, bibi yupo. Unaumwa, bibi yupo. Mtoto akifika umri wa kuacha ziwa, unampeleka kwa bibi yake, wewe unajificha hata wiki nzima, mtoto asikuone. Bibi anambembeleza kwa uji wa karanga na papai, analala naye, mpaka anasahau. Ukirudi, amekuwa mtu mzima. Sie wote tumeachishwa ziwa hivyo."

Huku mjini bibi hayupo. Kuna jirani usiyemjua jina, na dada wa mtoto mwenye miaka saba aliyefungiwa ndani naye. Kisima kiko karibu na choo. Uji ni mwepesi kwa sababu karanga zimepanda bei.

Adelina hazungumzii mambo haya kwa kusikia. Yeye na Albano waliingia Dar es Salaam na mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Masika yao ya kwanza mjini, mtoto aliharisha. Walimpa dawa za miti walizokuja nazo kutoka nyumbani, wakisubiri apone kama ambavyo watoto wa kijijini kwao hupona. Walimzika makaburi ya Mbagala, mbali na watu wao wote.

"Waliokuja kuzika walikuwa wageni," anasema. "Sikuwa na mtu wa kumlilia." Anambadilisha mtoto kiuno na kuendelea na vikombe.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kulea watoto wa wenzake. Kwanza mmoja, wa jirani, kisha wengine, wote wa watu wa kwao. Mwenye nyumba wake, Mwanakombo, mwanamke wa Kizaramo ambaye babu zake walilima mihogo Chamazi kabla hakujawa na uwanja wa mpira wala mtaa, alimpa ua autumie bila kumwongezea kodi. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka alipokuja Noela.

Noela alitokea Nanyumbu akiwa na miaka ishirini na mtoto wa kiume wa miezi saba, Polikarpo. Alikuwa amepata kazi kwa mama mmoja anayeuza mchele, na mama huyo alikuwa na sharti moja: hataki mtoto dukani wala safarini. Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita wakati wa masika, Noela alimkabidhi Adelina mtoto na furushi la nguo.

"Nilimwambia, Bibi, nakuachia mjukuu. Mie naenda Ifakara na bosi kuchukua mchele. Nitarudi akishasahau ziwa," anakumbuka Noela, ambaye siku hizi anakaanga vitumbua hatua chache kutoka hapo. "Nilijiona mjanja kwelikweli. Nilidhani natimiza mambo mawili kwa safari moja."

Na Adelina alimpokea. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo, na halifichi.

"Mwenzangu ni mtu wa kwetu, amesema maneno ya kwetu, na mie ndiye Bibi. Ningekataa nini? Sikujiuliza kwamba kwetu anaachishwa mtoto anayekimbia, siyo wa miezi saba. Wala sikujiuliza mie bibi gani, sina hata mpapai."

Polikarpo alikataa kikombe. Alikataa kijiko. Uji aliutema, maziwa ya kopo aliyatapika. Alilia akitafuta ziwa kwenye kifua cha kila mwanamke aliyempakata, na Adelina akawa anawaambia wenzake, mwacheni, ndivyo wanavyofanya, atasahau. Kisha tumbo likafunguka. Na baada ya tumbo, mtoto akanyamaza.

Kwa bibi wa kijijini, ukimya huo ungekuwa habari njema. Mtoto kasahau.

"Siku aliyonyamaza ndiyo siku niliyoogopa," anasema Adelina. "Nilimwangalia utosi, umebonyea. Macho yameingia ndani. Nikamwona mwanangu. Nakwambia, nilimwona mwanangu kabisa, yule yule."

Alimpigia Noela simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akatoka uani na mtoto mikononi, miguu mitupu, akipiga kelele za kuita bodaboda. Mwanakombo alikuwa barazani ananyonyesha binti yake wa miezi mitano, Rukaiya. Hakuuliza swali. Alimfunga mwanawe mgongoni, akapanda nyuma yao, wakaondoka wote kwenye pikipiki moja.

Muuguzi aliyewapokea zahanati, Fredrick, ni kijana mrefu mpole ambaye kina mama humwita dokta na yeye kila mara huwakatalia. Alianza kazi pale pale: maji ya chumvichumvi, kijiko kwa kijiko, bila haraka, kisha kidonge cha zinki kilichoyeyushwa. Aliwaambia kwamba mtoto akishindwa kunywa, wanakwenda hospitali bila mjadala, na gari akaliita likae tayari.

Polikarpo alikunywa. Saa chache baadaye macho yake yalianza kumfuata mtu anayepita. Lakini kila kitu kingine bado alikikataa, na mwili wake ulikuwa umebaki mifupa na ngozi.

"Maji tumeyarudisha," Fredrick aliwaambia. "Sasa anahitaji maziwa ya mama. Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa Ifakara, amejificha kama alivyofunzwa, akihesabu kwamba kujificha kwake ndiko kunakomsaidia mwanawe.

Ndipo Polikarpo akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha kwanza tangu alipokata sauti. Na pale pale, dera la Mwanakombo likalowa kifuani.

"Mwili umeshajibu, mie nijibu nini tena?" anasema Mwanakombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. "Nikamwambia Adelina, nipe huyo mtoto."

Fredrick alimzuia kwanza. Alimweleza wazi kwamba ziwa la mtu mwingine linaweza kumletea mtoto maradhi, na kwamba hawezi kuruhusu bila kipimo. Mwanakombo hakununa. Alinyoosha kidole kitobolewe, akapimwa VVU upya ingawa kliniki alikuwa amepimwa, na majibu yakatoka salama. Kisha akaomba kupiga simu, kwa sababu kwake yeye palikuwa na jambo jingine, zito kuliko kipimo.

Mwanakombo ni Mwislamu aliyesoma madrasa akaelewa. Anajua kwamba mtoto akinyonya ziwa la mwanamke mara tano, kila mara mpaka ashibe, anakuwa mwanawe. Siyo kwa mzaha. Watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake, hawaoani, na mama huyo haruhusiwi kujifanya hamjui. Ni undugu kamili, na haufutiki kwa kuhama nyumba.

Akampigia mumewe, Mfaume, kuli wa bandarini.

"Baba Rukaiya, nataka kunyonyesha mtoto wa mpangaji."

Upande wa pili zilisikika kelele za makontena.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Basi mwambie mwanangu Rukaiya, mchumba mmoja kaondoka. Mnyonyeshe, mke wangu. Mtoto asife."

Mwanakombo alimpakata Polikarpo. Mtoto alilitafuta ziwa, akalikosa, akalipata. Adelina anasema alisikia sauti ya kumeza, akatoka nje ya zahanati akakaa chini kwenye udongo uliolowa mvua na kulia mpaka kanga ikachafuka yote.

Walilala zahanati, na asubuhi ikawakuta Polikarpo ameshanyonya akashiba mara nne. Fredrick aliridhika. Alisema hatari imepita, na kwamba sasa wanaweza kujaribu kikombe na uji mzito kidogo kidogo. Shangazi yake Mwanakombo, aliyefika na chai ya chupa, alimvuta pembeni.

"Hapo hapo patosha," alimnong'oneza. "Umeshamwokoa. Ukizidisha, unajitwisha mtoto wa watu. Hata kabila lao hulijui."

Lilikuwa shauri la mtu mzima, na halikuwa baya. Mtoto angeishi, na Mwanakombo angerudi nyumbani bila deni la undugu kwa mtu yeyote. Polikarpo akaamka. Akageuza kichwa, akamtafuta.

"Nilijua kabisa," anasema Mwanakombo, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Ya tano ndiyo inayofunga. Nikamwangalia yule mtoto. Mjini hana bibi, hana shangazi, hana mjomba. Akiumwa kesho, nani atapanda pikipiki naye? Nikasema, kama undugu ni huu, achukue. Nikampa."

Noela alirudi Jumapili iliyofuata, na gunia la mchele alilopewa kama posho, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Akamkuta mwanawe kwenye ziwa la mwanamke mwingine. Kwanza alikasirika, hakujizuia, akauliza nani kamruhusu nani. Adelina akamsimulia kila kitu bila kujitoa kwenye lawama. Noela alipiga magoti pale barazani, na Mwanakombo akamwinua kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umemshika mtoto.

"Usipige magoti, dada. Kaa chini, toa ziwa, tuone kama kuna kitu."

Hapakuwa na kitu. Ziwa lilikuwa limekauka. Fredrick alimwambia asikate tamaa: amweke mtoto hata pakiwa patupu, mara kwa mara, na yeye mwenyewe ale ashibe. Basi Mwanakombo akampikia uji wa pilipili manga, ule anaopikiwa mwanamke aliyejifungua, akamlisha kama mzazi wa jana. Adelina akamsongea ugali kwa mchuzi wa karanga wa nyumbani. Bosi wa mchele akatafuta msaidizi mwingine, na hakuna aliyemlilia. Kila Polikarpo alipokasirikia ziwa tupu, Mwanakombo alimpokea, akamtuliza, akamrudisha.

Wiki ya pili, Noela alipiga kelele uani kama aliyeona nyoka. Watu wakatoka mbio. Kumbe maziwa yamerudi.

Tangu siku ile, ua wa Adelina una sheria moja: hapa hasahaulishwi mtu. Mama ananyonyesha kabla ya kuondoka, anayeweza anarudi mchana, na asiyeweza anakamua maziwa yake kwenye kikombe. Vikombe hukaa kwenye chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga mbichi, kama kina mama wa kusini wanavyopozea maji, na kabla ya adhuhuri viwe vimekwisha. Maji ya kunywa huchemshwa, bila kujali kisima kina maji matamu kiasi gani. Anayeanza kula anapikiwa uji mzito, wa karanga, hata zikipanda bei.

Mwanzoni sheria hiyo ilikwama kwa kina mama Waislamu. Vikombe vikichanganyika je? Watoto wa uani watakuwa ndugu bila mtu kujua, waje wapendane ukubwani, iwe balaa. Mwanakombo ndiye aliyepata dawa. Kila mama achane kipande cha kanga yake mwenyewe, nusu kifungwe kwenye kikombe, nusu kwenye mkono wa mtoto. Kanga na kanga zisipofanana, kikombe hakinyanyuliwi.

"Undugu siyo kitu cha kupeana kwa bahati mbaya," anasema. "Mie niliutoa kwa kukusudia."

Na matunda yanaonekana. Katika masika mawili yaliyopita watoto wa uani hapo walipata mafua na homa, mmoja alivunjika mkono kwa kumkimbiza kuku, lakini hakuna aliyebebwa kuzikwa. Adelina analisema hilo kidevu kikiwa juu, na ana haki. Fredrick siku hizi humwelekeza kwake kila mama mgeni anayefika zahanati na kusema hana wa kumwachia mtoto.

"Mie natibu wakishaumwa," anasema muuguzi huyo. "Yeye anawazuia wasinifikie. Ninachomwombea ni kwamba aninyime kazi zaidi."

Mpango wa Adelina ni mkubwa kuliko ua wake. Dada wawili, mmoja wa Tabata na mwingine wa Mbagala, wanakuja kwake kujifunza, na Fredrick amekubali kuwapa somo la maji ya chumvichumvi na dalili za hatari. Albano ameanza kusimamisha nguzo za banda ili masika yanayokuja watoto wasisongamane barazani.

"Nataka kila mtaa wanaoshukia wageni uwe na bibi wake," anasema. "Siyo lazima awe mzee. Awe tu mtu ambaye hakubali mtoto anyamaze."

Tukiwa bado tunazungumza, anaingia msichana mwembamba na furushi. Anaitwa Tabu, ametoka Tunduru mwezi uliopita, na mtoto aliye mgongoni kwake hata kukaa hajajua.

"Shikamoo, Bibi. Nimeelekezwa kwako. Nimepata kazi Kibaha, ya kulala huko huko. Nataka nikuachie huyu mpaka wiki ijayo. Asahau kwanza."

Mwanakombo anaacha kuchambua mchicha. Noela, kwenye vitumbua vyake, anasimama na mwiko mkononi.

Adelina hamfokei. Anageuka na kuita, "Poli! Njoo umwamkie mama."

Kutoka nyuma ya banda anatokea mtoto wa kiume, karibu miaka minne, mashavu yamejaa kitumbua, tumbo mbele. Nyuma yake anakuja Rukaiya akilalamika kwamba kaka yake kamnyang'anya twiga.

"Shikamoo," anasema Polikarpo, makombo yakimdondoka.

"Huyu," Adelina anamwambia Tabu, "ndiye aliyesahaulishwa."

Anamsimulia kwa maneno machache, naye Noela kwa mbali anaitikia, ndiyo, ni mie. Tabu anamwangalia mtoto, anamwangalia Noela, anamtazama Mwanakombo ambaye tayari anamfuta Polikarpo mdomo kwa pindo la dera lake. Kisha anafungua kanga, anamshusha mwanawe, anakaa kwenye kigoda na kumpa ziwa.

"Na kazi, Bibi?" anauliza, machozi yakimtiririka.

"Kazi za kurudi jioni zipo, tutakutafutia. Noela anataka msaidizi, vitumbua vimemshinda."

Mtoto anaponyonya na kushiba, Tabu anachana kipande cha kanga yake kwa meno. Adelina anakifunga nusu kwenye kikombe kipya, nusu kwenye mkono mdogo uliolegea kwa usingizi.

"Kesho," anamwambia, "uje mapema."